Azam 2014: Chamazi ilipovunja ngome ya Kariakoo

UKIWA Dar es Salaam, swali huwa ni moja tu: wewe Simba au Yanga? Ukijibu Azam, watu wanacheka. Wanakuuliza tena, "Sawa, lakini timu yako hasa ni ipi?"

Msimu wa 2013/14 kicheko hicho kilikata. Timu iliyoanzishwa mwaka 2004 na wafanyakazi wa kampuni ya Bakhresa, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008 na kujenga uwanja wake kule Chamazi, Temeke, mbele ya Mbagala, ilimaliza mechi zote 26 bila kupoteza hata moja na kubeba ndoo.

Haikuwa bahati. Azam ilikuwa imeshika nafasi ya pili misimu miwili mfululizo. Mwaka 2012 Simba ilitangulia, mwaka 2013 ikawa Yanga. Mtaani maneno yakawa yale yale: hawa wana hela, wana uwanja, wana basi zuri, ila ubingwa wauache Kariakoo. Tangu Mtibwa Sugar itwae taji mwaka 1999 na 2000, hakuna timu nyingine iliyokuwa imewapora wakubwa hao wawili.

Kocha aondoka, timu haitikisiki

Mzunguko wa kwanza ulipoisha, Mwingereza Stewart Hall akaondoka. Kwa timu nyingi za Bongo, hapo ndipo safari huharibika. Azam ikamleta Mcameroon Joseph Omog, mtu asiye na makeke, naye hakuvuruga alichokikuta.

Nyuma alikuwepo Aggrey Morris. Katikati Salum Abubakar 'Sure Boy' na Himid Mao. Mbele John Bocco na Kipre Tchetche wa Ivory Coast, aliyekuwa mfungaji bora msimu uliotangulia. Simba walichapwa nyumbani na ugenini, 2-1 kila mara. Yanga walilala 3-2, kisha wakaambulia sare ya 1-1.

Doa lilikuwa Afrika. Februari 2014 Azam iliifunga Ferroviario de Beira ya Msumbiji 1-0 Chamazi, ikaenda kwao ikapigwa 2-0 na kutolewa Kombe la Shirikisho. Wengi wakaamini na ligi itawaponyoka.

Jumapili ya Sokoine

Aprili 13, 2014, Azam ilitua Mbeya ikiwa na pointi 56, Yanga ikiwa na 52 na siku hiyo hiyo ikicheza Arusha na JKT Oljoro. Hesabu ilikuwa nyepesi kuisema, ngumu kuitimiza: ukishinda, kazi imekwisha. Ukitoka sare, presha inahamia mechi ya mwisho.

Na mpinzani hakuwa wa mchezo. Mbeya City ya Juma Mwambusi ilikuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, lakini ilikuwa inasumbua kila mtu, na mechi ya kwanza Chamazi ilikuwa imeisha 3-3. Sokoine mashabiki wake hawakai chini.

Gaudence Mwaikimba akafunga la kwanza. Mbeya City wakasawazisha, uwanja ukalipuka. Arusha, Yanga walikuwa wanashinda. Ndipo Bocco, kijana aliyekuwa na timu hiyo tangu haijapanda Ligi Kuu, akapachika la pili. Dakika zilizobaki zilikuwa ndefu, lakini filimbi ikalia 2-1. Azam bingwa, mechi moja mkononi.

Msimu ukafungwa kwa pointi 62, Yanga 56, Mbeya City 49. Simba walikuwa wa nne na pointi zao 38.

Mtoano nao wakaubeba

Waliosema ni msimu mmoja tu walijibiwa Agosti 2015, Hall akiwa amerudi. Kwenye Kombe la Kagame, Azam iliitoa Yanga kwa matuta 5-3 robo fainali, ikaichapa KCCA ya Uganda 1-0 nusu fainali, kisha ikaifunga Gor Mahia ya Kenya 2-0 fainali. Bocco na Tchetche ndio waliocheka na nyavu. Mashindano mazima haikuruhusu bao.

Tangu taji lile la ligi, Yanga na Simba wamepokezana hadi msimu wa 2024/25. Hakuna mwingine aliyepenya. Kwa hiyo ukikutana na shabiki wa Azam kwenye daladala la Mbagala, mtanie upendavyo. Ila usimwambie haiwezekani, maana yeye aliiona.