Kijana mwenye saratani naye apewe kamba avute

Kijana akipatwa na saratani, watu wazima humzunguka mara moja. Daktari humwamulia dawa, muuguzi humwamulia saa ya kulala, na mama humkatia nyama sahanini kana kwamba mikono nayo imeugua. Yote hufanywa kwa mapenzi, na mengi ni ya lazima. Lakini matibabu ya baadhi ya saratani za damu huchukua miaka miwili hadi mitatu, na katika muda huo kijana huzoea kutendewa kila jambo. Siku anapoambiwa arudi shuleni, hujikuta hauamini tena mwili wake. Wenzake wamemtangulia madarasa, nywele ndiyo kwanza zinaota, naye huogopa hata kupanda ngazi pasipo kushikwa mkono.

Huko Uingereza upo mfuko unaolishughulikia tatizo hili kwa njia ambayo watu wa pwani wataielewa upesi: huwapeleka vijana baharini wakaendeshe mashua za tanga. Mwanzilishi wake ni Ellen MacArthur, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1976 katika jimbo la Derbyshire, lisilo na pwani, na ambaye utotoni alijinyima fedha za chakula cha shule ili anunue mashua. Mwaka 2005 aliizunguka dunia peke yake kwa siku 71 na saa 14, akaweka rekodi. Wazo la mfuko alilipata Ufaransa mwaka 2000, aliposafiri baharini pamoja na watoto wagonjwa waliochukuliwa na chama cha huko; miaka mitatu baadaye akaanzisha wa kwao.

Vijana wa umri wa miaka 8 hadi 24 hualikwa bila malipo kwa safari za siku chache. Nao hawaendi kama abiria. Mmoja hushika usukani, mwingine hutweka tanga, wengine hupika. Mashua inapobisha, aliyeshika demani akichelewa kuivuta, tanga hupigapiga na mwendo hupotea, na wote huona ni kwa sababu gani. Huenda ni mara ya kwanza baada ya miezi mingi kijana huyo kutegemewa na mtu. Jioni, aliyevua kofia hatazamwi mara mbili, maana jirani yake naye amepitia hayo hayo. Baadhi yao hurudi miaka ya baadaye, wakawa mabaharia wa kujitolea kwa ajili ya wadogo zao.

Sisemi kwamba maji ya chumvi yana dawa. Katika kambi ya Barretstown, nchini Ireland, iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa juhudi za mchezaji sinema Paul Newman, watoto wagonjwa hupanda farasi, hulenga shabaha kwa mishale na huigiza michezo ya jukwaani. Kinachofanana ni kazi ya kweli, wenzi wa hali moja, na mtu mzima anayejizuia kusaidia kabla hajaombwa. Hili la mwisho ndilo gumu kwa mzazi.

Pengine utasema hayo ni anasa ya nchi tajiri. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba katika nchi hizo zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Sababu ni kuchelewa kufika hospitali, uhaba wa dawa, na pia kuacha matibabu katikati. Hata kwa hao matajiri, madaktari wameona kwamba vijana wanaobalehe ndio wepesi zaidi kuacha vidonge vya kumeza nyumbani. Kijana asiyeiona kesho yake hana sababu ya kumeza kidonge kichungu leo.

Hapa kwetu mashua si sharti. Kwaya, ngoma, mchezo wa bao, bustani ya mchicha au gazeti la ukutani wodini vyatosha, mradi kila mmoja awe na kazi ambayo isipofanywa, shughuli nzima hukwama. Kwanza muulize daktari, kwa kuwa zipo siku ambazo dawa hupunguza chembe nyeupe za damu, na mtoto hapaswi kuwa katika kundi la watu wala kugusa udongo. Majirani nao waambiwe waziwazi kwamba saratani haiambukizi. Watoto wengi hutengwa kwa sababu ya uvumi huo tu.

Wazazi wanaongoja kliniki kwenye benchi moja wamekwisha kufahamiana. Waanze wao, Jumamosi moja, nyumbani kwa mmoja wao, na karata ya kwanza igawanywe na mtoto.