Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari



Juma hili tuzungumze juu ya karatasi. Si ile inayotengenezwa kiwandani Mgololo, bali ile ambayo wengi wetu tumeificha sandukuni chini ya nguo, tukiamini kuwa ndiyo kinga ya shamba au kiwanja tulichonunua.

Mambo yenyewe huenda hivi. Mtu ananunua kiwanja hapa Mafinga, au ekari kumi za kupanda mipaini katika kijiji kimojawapo cha Mufindi. Muuzaji na mnunuzi wanakwenda kwa mwenyekiti. Karatasi ya mauziano inaandikwa, mashahidi wanatia saini, muhuri unagongwa, fedha zinahesabiwa. Kila mmoja anakwenda zake akiwa ameridhika.

Mzee mmoja ninayemfahamu alifanya hivyo hivyo. Alipanda mipaini, akapalilia, akakesha akizuia moto kila kiangazi. Mwaka wa kumi na nne, alipoanza kutafuta wenye misumeno, walikuja watoto wa yule aliyemuuzia, ambaye alikwisha fariki. Walisema, “Baba yetu hakukuuzia, alikuazima.” Shahidi mmoja amekufa, mwingine amehama, na mwenyekiti wa wakati ule si mwenyekiti tena. Mzee ana karatasi mkononi, lakini yuko kwenye kesi mwaka wa tatu sasa, na miti bado imesimama.

Je, karatasi ile haina maana? Inayo. Ni ushahidi kwamba fedha zilitolewa. Lakini kutoa fedha ni jambo moja, na ardhi kuhamia kwako ni jambo jingine.

Yafaa ieleweke kwamba nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Tunachouziana ni haki ya kuimiliki na kuitumia, pamoja na maendelezo yaliyomo. Haki hiyo ina daftari lake. Sheria ya Usajili wa Ardhi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1953, inasema kuwa kwa ardhi iliyosajiliwa, uhamisho hauna nguvu mpaka uandikwe katika daftari la Msajili wa Hati. Na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba watu wawili wanapogombea ardhi, mwenye hati huhesabiwa kuwa ndiye mmiliki halali, isipokuwa ithibitike kuwa hati hiyo haikupatikana kihalali.

Sasa afanyeje mnunuzi? Njia ni mbili, kulingana na aina ya ardhi.

Kwanza, kiwanja cha mjini kilichopimwa na chenye hati. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, omba kwa Msajili upekuzi wa daftari. Hapo utajua jina la mwenye kiwanja, na kama kimewekwa rehani benki au kuna mtu aliyeweka zuio. Kisha hutiwa saini mkataba na fomu za uhamisho mbele ya wakili, mthamini hukadiria thamani, kodi hulipwa TRA, pamoja na ushuru wa stempu ambao ni karibu asilimia 1 ya thamani. Kamishna wa Ardhi hutoa kibali, na mwisho Msajili hufuta jina la zamani na kuandika lako. Hapo ndipo kiwanja kinapokuwa chako.

Pili, ardhi ya kijiji. Hii inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001. Mwanakijiji akitaka kumuuzia mtu wa nje, Halmashauri ya Kijiji lazima iidhinishe. Mwenyekiti peke yake siyo halmashauri, na muhuri wake siyo kikao. Omba nakala ya muhtasari wa kikao kilichoidhinisha. Baada ya hapo fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila, inayoandikishwa katika masjala ya ardhi ya kijiji na ya wilaya. Wenzetu wa Mbozi walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kujaribu utaratibu huu.

Katika njia zote mbili, usimsahau mke au mume wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba nyingi zimerudi mikononi mwa wenyewe kwa sababu mama hakuulizwa.

Wapo watakaosema kuwa ofisi ni mbali na gharama ni kubwa. Ni kweli kwamba zamani mtu wa Mafinga alilazimika kufunga safari hadi Mbeya kufuata ofisi ya kanda. Lakini tangu mwaka 2020 Wizara ya Ardhi imefungua ofisi katika kila mkoa, na Iringa si mbali, kilomita 80 hivi kwa barabara ya lami. Gharama ipo, ila ilinganishe na ya kesi.

Na wewe uliyeko Dar es Salaam, unayetumiwa picha za shamba lako la Mufindi kwa simu, jiulize leo: ile miti ni yangu, lakini ardhi iliyo chini yake imeandikwa jina la nani? Mpaini huchukua zaidi ya miaka kumi na mitano kukomaa. Katika muda huo watu hufa, viongozi hubadilika, karatasi huliwa na mchwa. Daftari hubaki.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hayo kabla ya mipaini kupanda bei.