Ndege ya Kujijengea: Umeme Wake Hupangwa kwa Kalamu Kwanza

Ukifika Kibuyuni, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani karibu na Shimoni katika Kaunti ya Kwale, hutaona kiwanja cha ndege. Utaona mwani umeanikwa, mashua zimevutwa mchangani, na pengine fundi anasugua kichwa cha betri kilichoota ukungu wa kijani kwa sababu ya chumvi. Ndege ndogo hutua kaskazini kidogo, Ukunda, zikileta watalii wa Diani.

Sasa tuseme, msomaji mpenzi, kwamba kijana mmoja wa Kibuyuni amemaliza shule na ameamua kujijengea ndege ya viti viwili. Je, aanzie wapi? Ukiwauliza watu kumi, aghalabu watakujibu kuwa aanze na injini, au mabawa, au pesa. Ni wachache mno watakaotaja nyaya za umeme. Na hapo ndipo penye hatari, kwani waya mmoja uliowekwa ovyo waweza kuiangusha ndege iliyojengwa kwa ustadi wa miaka mingi.

Usidhani tunasimulia ndoto. Huko Marekani, Paul Poberezny alianzisha chama cha wajenzi wa ndege za nyumbani mjini Milwaukee mwaka 1953, na tangu hapo maelfu ya watu wamejenga ndege katika magereji yao. Hapa kwetu, mwaka 2011 magazeti yaliandika habari za Gabriel Nderitu wa Nyeri, aliyejitengenezea ndege kwa kutumia injini ya gari la Toyota. Mwaka 2019 vijana ishirini wa Afrika Kusini, wakiongozwa na Megan Werner aliyekuwa na umri wa miaka 17, waliunganisha vipande vya ndege ya viti vinne aina ya Sling 4, nayo ikaruka kutoka Cape Town hadi Cairo.

Lakini zingatia jambo moja kuhusu vijana hao. Mwili wa ndege waliujenga wenyewe. Kazi ya kufunga injini na vyombo vya kielektroniki iliachiwa mafundi wenye taaluma hiyo. Hawakufanya hivyo kwa uoga. Waliyajua mambo tutakayoyaeleza leo.

ORODHA KABLA YA WAYA

Mama wa nyumbani haendi sokoni kabla hajajua ana watu wangapi wa kulisha. Vivyo hivyo, hatua ya kwanza ya kupanga umeme wa ndege ni kuandika kila chombo kitakachokula umeme, na kinakula kiasi gani. Ndege nyingi ndogo hutumia betri ya volti 12, kama ya gari, na alteneta inayoichaji kwa volti 14 hivi injini inapozunguka.

Tuchukue mfano. Radio ya kuzungumza na waongozaji wa ndege, ampea 1 kwa wastani. Ukibonyeza kusema, inakula zaidi. Transponda, chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada, ampea 1 na nusu. Skrini ya vipimo mbele ya rubani, ampea 2. Taa za ncha za mabawa na mkia, ampea 1 na nusu. Pampu ya petroli, ampea 4. Taa kubwa ya kutua usiku, ampea 8. Jumlisha, msomaji. Utapata ampea 18.

Sasa jiulize: alteneta ikiharibika angani, betri peke yake itadumu kwa muda gani? Betri iliyoandikwa "ampea-saa 18" ingetoa ampea 18 kwa saa moja, kama ingekuwa mpya na kamilifu. Kwa kuwa betri huzeeka, mpangaji mwenye busara huhesabu thuluthi mbili tu, yaani 12. Gawa 12 kwa 18, utapata dakika 40.

Kutoka Ukunda hadi Nairobi ni kama kilomita 450 kwa njia ya angani. Ndege ndogo ya mwendo wa kilomita 180 kwa saa huchukua saa mbili na nusu. Dakika 40 ni kilomita 120. Hujafika hata Voi, na radio yako imekufa.

Lakini rubani akiweza kuzima mara moja taa na pampu, akabaki na radio, transponda na skrini, matumizi yatashuka hadi ampea 4 na nusu. Betri ile ile sasa itadumu saa 2 na dakika 40. Ndiyo sababu wajenzi wazuri huvigawa vyombo makundi mawili tangu siku ya kwanza: vya lazima upande wao, na vya anasa upande wao, ili hili la pili lizimwe kwa swichi moja.

UNENE WA WAYA

Umeme ndani ya waya hufanana na maji ndani ya mpira. Mpira mwembamba na mrefu hutoa maji kidogo mwishoni. Waya nao hula volti njiani, na volti zilizoliwa hugeuka kuwa joto. Kanuni inayofuatwa sana katika ndege za volti 14 ni kwamba waya unaotumika mfululizo usile zaidi ya nusu volti.

Chukua ile taa ya kutua, ampea 8, iliyo mita 6 kutoka kwenye swichi. Ukitumia waya wa shaba wa 1.5, ule unaotumiwa kwa taa za nyumbani, kila mita ina ukinzani wa karibu elfu 12 za milioni ya omu, yaani omu 0.012. Zidisha kwa mita 6, kisha kwa ampea 8. Utapata volti 0.58. Umevuka mpaka. Ukitumia waya wa 2.5, wenye omu 0.0075 kwa mita, utapata volti 0.36. Hapo umepona.

Usiseme basi nitaweka waya mnene kila mahali. Mita moja ya shaba ya 2.5 ina uzani wa gramu 22, bila kuhesabu ganda lake. Ndege yaweza kuwa na mita mia moja na zaidi za nyaya, na kila kilo unayoiongeza inapunguza petroli au mzigo. Kila waya upewe unene unaoutosha.

Tena kuna jambo linalowapotosha wengi waliozoea magari. Katika gari, umeme hurudi kwenye betri kupitia bodi ya chuma. Ndege ya bati la alumini yaweza kufanya vivyo hivyo. Lakini ndege ya mbao au ya faiba haipitishi umeme, kwa hiyo kila chombo kinahitaji waya wa kwenda na waya wa kurudi. Ile taa yetu ya mita 6 sasa ina mita 12. Waya wa 2.5 utakula volti 0.72, na utalazimika kununua wa 4. Ukiligundua hilo kwenye karatasi, unabadilisha namba. Ukiligundua baada ya kufunga bawa, unalibomoa bawa.

FYUZI INALINDA NINI?

Wengi hudhani fyuzi huwekwa ili kulinda radio au taa. La. Kazi yake ya kwanza ni kuulinda waya usiungue. Kwa hiyo fyuzi huchaguliwa kwa kipimo cha waya, nayo huwekwa mwanzoni, karibu na umeme unakotoka. Ukiiweka mwishoni kando ya taa, waya ukichubuka katikati na kugusa chuma, umeme wote wa betri utapita hapo na fyuzi haitajua lolote.

Ganda la waya nalo lichaguliwe kwa makini. Waya wa kawaida wa dukani una ganda la PVC, na PVC ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Katika chumba kidogo cha rubani, moshi huo utamlemea kabla moto haujamfikia. Waya wa ndege una ganda jingine linalostahimili joto bila kushika moto kwa urahisi. Ni ghali, na watu hushawishika kuokoa pesa hapo.

Kama unadhani tunatia chumvi, kumbuka ndege ya Swissair nambari 111. Tarehe 2 Septemba 1998 iliondoka New York kuelekea Geneva. Moto ulizuka juu ya dari karibu na chumba cha marubani, nayo ikaanguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada. Watu wote 229 walikufa. Ripoti ya wachunguzi wa Kanada iliyotolewa mwaka 2003 ilieleza kuwa moto huo huenda ulianzia kwenye cheche za nyaya, zikiwemo za mitambo ya burudani ya abiria, kisha ukaenea kwa vitambaa vya kuzuia joto vilivyoshika moto. Ikiwa ndege ya kampuni kubwa yaweza kupatwa na hayo kwa ajili ya nyaya za sinema, wewe wa gereji utajihadhari vipi?

SWALI LENYE UZITO KULIKO YOTE

Ukiona moshi wa umeme angani, jambo la kwanza ni kuzima swichi kuu, ili umeme wote ukatike pale pale kwenye betri. Je, injini yako itaendelea kuzunguka?

Injini nyingi za ndege ndogo hutumia magneto. Kifaa hiki hujitengenezea cheche za plagi bila kutegemea betri, na kwa kawaida huwa viwili. Rubani akizima umeme wote, injini inaendelea kunguruma, naye anatafuta mahali pa kutua.

Lakini injini ya gari la kisasa haina magneto. Cheche zake, kompyuta yake na pampu yake ya petroli vyote vyategemea betri. Ukizima swichi kuu kwa ajili ya moshi, unaizima na injini. Usipoizima, moto unaenea. Hapo rubani ameshikwa baina ya mambo mawili, na yote mawili ni mauti.

Hatusemi injini ya gari haifai kabisa. Wako walioruka nayo katika nchi mbalimbali. Tunasema lazima umeme wa injini uwe na njia yake ya pekee kutoka kwenye betri, yenye swichi yake na fyuzi yake, isiyopitia kwenye swichi kuu ya vyombo vingine. Na ni bora iwepo njia ya pili, pamoja na betri ndogo ya akiba. Tena hesabu yetu ya betri inabadilika. Ikiwa cheche, kompyuta na pampu vinakula ampea 8, ongeza zile 4 na nusu za vyombo vya lazima. Jumla ni 12 na nusu, na betri yetu haimalizi saa moja. Alteneta ikifa, si radio tu itakayonyamaza, bali injini pia.

Kwa hiyo chukua mchoro wako na kalamu nyekundu. Gusa waya mmoja, ujiulize: huu ukikatika, nini kitazimika? Ukigusa bodi, nini kitaungua? Nitajuaje nikiwa angani, na nitafanya nini? Andika jibu. Nenda kwa waya wa pili, hadi uumalize mchoro. Ukipata waya mmoja ambao jibu lake ni "tutaanguka", chora upya.

CHUMVI YA PWANI

Turudi kwa kijana wetu. Akiwa Kibuyuni ana adui ambaye mjenzi wa Nyeri hamjui sana: upepo wa bahari. Chumvi huingia kwenye maungio, shaba huota kijani, na ukinzani huongezeka kidogo kidogo. Waya uliopimwa ukawa sawa leo waweza kula volti mbili baada ya misimu michache ya kusi.

Dawa zipo, na wavuvi wanazijua kiasi. Tumia waya ambao nyuzi zake za shaba zimepakwa bati. Ncha zibanwe kwenye lagi kwa koleo lake maalumu, si kwa meno ya plaisi. Tahadhari pia na ncha zilizochomewa risasi: pale risasi inapoishia waya huwa mgumu, na mtikisiko wa injini huukata hapo hapo. Nyaya zifungwe pamoja zisicheze, zisiguse kingo kali, wala zisilazwe juu ya mpira wa petroli. Kila waya uandikwe namba ncha zote mbili, ili fundi wa kesho asibahatishe.

Mwisho ni sheria. Nchini Kenya huruhusiwi kurusha ndege uliyoijenga bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Nenda kwao ukiwa na mchoro, kabla hujakata hata ubao mmoja. Pale Wilson, Nairobi, ipo pia Aero Club of East Africa iliyoanzishwa mwaka 1927, ambapo utakutana na marubani wenye uzoefu.

Nawe mzazi, mwanao akikuletea karatasi iliyojaa mistari na namba akisema ni umeme wa ndege, usimcheke na usimpe pesa za injini bado. Mkalishe, muwekee kidole kwenye waya wowote, umwulize: "Huu ukikatika, mwanangu, itakuwaje?" Akikujibu bila kubabaika, mtafutieni fundi wa kumsimamia. Akibabaika, mrudishie kalamu. Karatasi ni rahisi, na usipoziba ufa utajenga ukuta.