Moyo wa Mama Anayetibiwa Saratani

Mama akipatikana na saratani ya matiti, mawazo ya nyumba nzima huwa kwenye titi. Moyo husahauliwa. Lakini doksorubisini, dawa iliyosaidia akina mama wengi, yaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na hatari huongezeka kadiri jumla ya dozi inavyopanda. Kwa hiyo moyo hupimwa kabla ya matibabu, na tena baadaye.

Wengi hupimwa kwa mawimbi ya sauti, yasiyo na mionzi. Mahali pengine hutumika kamera inayopiga picha ya damu iliyomo moyoni. Ili damu hiyo ionekane, mgonjwa hudungwa teknesiamu-99m, dawa yenye mionzi. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6. Baada ya saa 24 hubaki sehemu moja tu ya kumi na sita.

Teknesiamu peke yake haitulii ndani ya damu. Lazima ibebwe. Yaweza kubebwa na albumini, protini ya damu: sindano ni moja na kazi ni nyepesi, ila albumini huvuja polepole kutoka mishipani na picha hufifia. Chembe nyekundu za mgonjwa mwenyewe ni bora zaidi, kwa sababu hukaa mishipani kwa saa nyingi.

Chembe hizo huandaliwa vipi? Njia rahisi ni kudunga kwanza dawa yenye madini ya bati, kungoja dakika 20 hadi 30, kisha kudunga teknesiamu. Lakini sehemu yake hukosa kushika, ikaenda kwenye mfuko wa chakula na tezi ya shingoni. Njia ya pili ni kutoa damu kidogo na kuichanganya nje ya mwili. Zaidi ya asilimia 95 hushika, ndipo damu hurudishwa. Hapa hakuna mzaha: damu lazima irudi kwa mwenyewe. Muuguzi akikuuliza jina mara ya pili, usikasirike.

Mama, kabla ya kipimo taja dawa zote unazotumia, na useme wazi kama una mimba au unanyonyesha. Teknesiamu isiyoshika huweza kuingia katika maziwa, na huenda ukaambiwa usinyonyeshe kwa saa kadhaa.

Kipimo hiki kikionyesha moyo unaanza kuchoka, daktari aweza kubadili dawa kabla hujaanza kukosa pumzi. Usikikimbie.