Simu Isipoijua Tarehe
Mzazi wa Kalerwe, Kampala, akiandika katika simu kwamba siku ya chanjo ya mtoto ni 05/04/2025, amekusudia tarehe 5 Aprili. Lakini kwa simu hayo ni maandishi matupu. Programu iliyotungwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku, itasoma tarehe 4 Mei, na mtoto atachelewa siku 29. Kwa hiyo mtungaji wa programu hana budi kuiamuru waziwazi: siku kwanza, kisha mwezi, halafu mwaka. Katika kuhifadhi, na afuate kanuni ya kimataifa ISO 8601 ya mwaka 1988: 2025-04-05. Nanyi wazazi, kadini andikeni jina la mwezi kwa herufi. Aprili haigeuki kuwa Mei.