Kundi la Simu Halizibui Mtaro

Kibaha na Kisarawe zote ziko Mkoa wa Pwani, na zote zinapakana na Dar es Salaam. Hata hivyo, anayetaka kukusanya watu wa kujitolea kwa njia ya simu hawezi kutumia mbinu moja pande zote mbili.

Kibaha Mjini, kando ya Barabara ya Morogoro, imepokea wengi waliohamia viwanjani wakitokea jijini. Mtu anatoka kabla hakujapambazuka, anarudi usiku, na jirani wa nyumba ya tatu hamjui hata jina. Mahali kama hapo, kundi la WhatsApp ndilo baraza la kwanza la mtaa. Maneromango au Mzenga, upande wa Kisarawe, watu wanajuana tangu utotoni, na msaragambo ulikuwapo kabla ya simu. Upungufu wa huko ni bando, mahali pa kuchaji na simu janja yenyewe. Mwenye kitochi asiposomewa ujumbe, amekosa taarifa.

Tangu mwishoni mwa 2022 kundi moja la WhatsApp linaweza kuchukua watu 1,024. Idadi hiyo inadanganya. Watu mia tano wakijibu kwa alama ya dole gumba, mtaro bado umeziba. Kinachowaamsha watu ni namna kazi ilivyogawanywa. Chukua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi nchini. Tangazo la “ndugu wakazi, tujitokeze kwa wingi” halimgusi yeyote. Andika badala yake: “Saa 1:00 asubuhi, kalvati la karibu na shule. Yanahitajika majembe manne, toroli moja na ndoo ya maji ya kunywa. Nani analeta toroli?” Swali la mwisho ndilo linalofanya kazi, kwa sababu lina mtu mmoja wa kulijibu, na akishajibu mbele ya majirani zake ataona haya kutofika.

Ugawaji huo umeonekana pia katika kazi kubwa zaidi. Crowd2Map, mradi ulioanza mwaka 2015, uliwapa maelfu ya watu wa nchi mbalimbali vipande vidogo vya picha za satelaiti ili wachore barabara na nyumba za vijiji vya Tanzania. Kisha wenyeji wenye simu wakaongeza majina ya maeneo. Ramani hizo zimesaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji mkoani Mara. Wa mbali walichora, lakini jina la kitongoji alilijua mkazi tu.

Kisarawe yenyewe ina mfano wake. Jokate Mwegelo, aliyeteuliwa mkuu wa wilaya hiyo mwaka 2018, alianzisha kampeni ya Tokomeza Zero ili kupunguza wanafunzi wanaopata sifuri katika mitihani. Umaarufu wake mitandaoni uliwavuta wasanii na wafanyabiashara wasio wakazi wa Kisarawe, na michango ikasaidia kujenga shule ya sekondari ya wasichana. Shabaha ilikuwa moja, na kila mtu aliweza kuitaja. Kundi linalojadili maji, wizi, siasa na misiba kwa pamoja halifiki huko.

Fedha ndizo huvunja makundi mengi. Mchango ukiingia kwenye namba binafsi ya admini, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, minong'ono itaanza. Huduma za fedha za kikundi kwa simu kama M-Koba, iliyoanza mwaka 2019, zinafaa zaidi, maana fedha hazitoki kwa uamuzi wa mtu mmoja. Faragha nayo si jambo dogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu 1 Mei 2023, na picha ya mgonjwa aliye kitandani haipaswi kuzunguka mtaani eti kwa sababu anachangiwa.

Zaidi ya yote, simu haina mamlaka ya kuamua. Kijijini, mkutano mkuu wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea ndio wenye kauli ya mwisho. Kwa hiyo, anayeanzisha kundi leo amwone kwanza mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Kila tangazo la kundi pia libandikwe kwenye ubao wa ofisi na lisomwe msikitini na kanisani, ili mwenye kitochi naye ajue ni saa ngapi aje na jembe lake.