Kuunguza uvimbe, kisha kuita askari wa mwili

SARATANI ya mirija ya nyongo mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwishaenea, hivyo wagonjwa wengi hawawezi kufanyiwa upasuaji. Kwa baadhi yao, daktari huchoma sindano ndefu hadi ndani ya uvimbe ulioko kwenye ini na kuuunguza kwa joto litokanalo na mawimbi ya redio.

Joto hilo lina mpaka. Uvimbe ukizidi sentimita 3, au ukiwa kando ya mshipa mkubwa ambao damu yake huupoza, seli hai hubaki pembezoni na ugonjwa hurudi. Hapo ndipo wanasayansi wanapotaka kuongeza nguvu ya kinga: mabaki ya uvimbe uliokufa huuonyesha mwili sura ya adui, na chembechembe nyeupe za damu za mgonjwa, zikiisha kuzalishwa kwa wingi katika maabara, hurudishwa mwilini ziwinde masalia.

Kwamba chembechembe hizo zaweza kuishambulia saratani hii kulidhihirika nchini Marekani mwaka 2014, ilipotangazwa kuwa mwanamke aliyepewa zaidi ya bilioni 10 uvimbe wake ulinywea. Yeye hakuunguzwa. Kuziunganisha tiba hizo mbili bado ni jambo la majaribio, hata pale inapouzwa kana kwamba ni tiba ya kawaida.